Namna ya kuifundisha programu ya drafti imalize mchezo inapoongoza

Programu yangu ya kwanza ya drafti ilifikia kingi tatu (kingi ni kete iliyofika mwisho wa ubao) dhidi ya kingi moja ya fundi baiskeli wa hapa Tabora, na haikushinda. Tulikuwa chini ya mwembe, si mbali na stesheni, kompyuta mpakato ikiwa juu ya kreti la soda na ubao wenye vizibo ukiwa kando yake ili watazamaji waufuate mchezo. Kwa muda wa karibu nusu saa programu ilizipeleka kingi zake mbele na kuzirudisha nyuma katika njia zile zile, huku kioo kikionyesha kwamba inaongoza kwa alama 600. Fundi hakuwa na haraka yoyote. "Mwalimu," aliniambia, "mashine yako imepata mali, ila haijui kuitumia." Abiria wa treni ya Kigoma waliokuwa wakitutazama waliondoka kabla mchezo haujaisha, na mwishowe tukakubaliana kuwa ni sare.

Nilipoipitia programu usiku ule mstari kwa mstari, sikukuta kosa hata moja katika kanuni za mchezo. Programu ilikuwa ikitekeleza kwa uaminifu kile nilichoiagiza: niliiagiza ihesabu kete, nayo ikazihesabu na kuzilinda, lakini hapakuwa na mahali nilipoieleza kwamba mchezo una mwisho na kwamba mwisho huo unapaswa kutafutwa. Tabia hii si ya programu yangu peke yake. Programu za sataranji, za Go (mchezo wa mawe wa Asia Mashariki) na za michezo mingine ya ubao zimewahi kuonyesha ajizi ya namna hii zinapokuwa mbele, kila moja kwa sababu yake, na tiba zake zinajulikana.

Ninachukulia kwamba tayari unayo programu inayojua kanuni, inayochungulia hatua kadhaa mbele kwa kudhani kwamba kila upande utachagua lililo bora kwake, na inayotoa alama kwa hali ya ubao inapofika mwisho wa kuchungulia. Lugha ya programu haina uzito mkubwa. Mimi nilitumia Python. Kwa neno hatua ninamaanisha mwendo mmoja wa mchezaji mmoja. Kanuni ninazozitolea mifano ni za kijiweni kwetu: ubao wa miraba nane kwa nane ambao ni miraba 32 tu inayotumika, kete 12 kwa kila upande, kula ni lazima, na kingi hutembea umbali wowote katika mshazari ulio wazi. Kama kwenu kingi hutembea mraba mmoja mmoja, maelezo mengi yatabaki yalivyo, isipokuwa yale yanayohusu tamati za kingi tupu, yaani miisho ya mchezo ambapo ubaoni zimebaki kingi peke yake.

Anza kwa kuamua uongozi una thamani gani

Kabla ya kugusa namba yoyote, andika kwa maneno ya kawaida kile kinachohesabiwa kuwa mafanikio katika mchezo wako. Kijiweni kwetu anayefungwa anapisha, na hakuna anayeuliza kama alifungwa kwa kete moja au kwa saba. Sare huwaacha wawili wakibishana nani ainuke. Kwa hiyo matokeo ni matatu tu, na kete zilizobaki ubaoni hazina thamani nyingine isipokuwa kama dalili ya tokeo gani linakaribia. Mtu akilisahau hili, atajikuta ameandika programu inayoipenda dalili kuliko kitu chenyewe.

Mwanahisabati Claude Shannon, katika makala yake ya mwaka 1950 kuhusu kuiandalia kompyuta mchezo wa sataranji, alizipa kete thamani: malkia 9, ngome 5, farasi 3, kitunda 1. Watu wengi huzikumbuka namba hizo na kuisahau nyingine iliyo katika hesabu ile ile, yaani mfalme, ambaye alimpa 200. Kete nyingine zote za upande mmoja zikijumlishwa hazifiki 40, kwa hiyo hakuna mali yoyote inayoweza kushindana na kumpoteza mfalme. Katika drafti hakuna mfalme wa kulindwa kwa namna hiyo, na ndiyo maana ni rahisi kusahau kuiweka namba kubwa mahali pake.

Mimi nilizipa kete alama 100 na kingi 300, nao ushindi nikaupa alama 10,000. Namba mbili za kwanza unaweza kuzibadilisha upendavyo. Hiyo ya tatu lazima iwe kubwa kiasi kwamba mkusanyiko wowote wa kete hauwezi kuikaribia.

Ushindi wa karibu uzidi ushindi wa mbali

Hapa ndipo programu nyingi za wanaoanza hukwama, na yangu pia iliwahi kukwama hapa. Tuseme programu inaona njia mbili: katika ya kwanza inashinda baada ya hatua 3, katika ya pili inashinda baada ya hatua 9. Kama kila ushindi ni 10,000 kamili, njia hizo mbili ni sawa kwake, na itachagua yoyote iliyotangulia katika orodha. Ikichagua ya hatua 9, itasogea hatua yake moja, kisha zamu yake ikirudi itachungulia upya na kukuta tena njia kadhaa za ushindi zilizo sawa, na inaweza kuichagua tena ile ya mbali. Inaweza kuendelea hivyo bila kikomo, ikiwa na uhakika wa ushindi katika kila zamu na bila kushinda katika zamu yoyote, kama mtu anayejua kwamba duka halifungwi na kwa hiyo haendi kununua chumvi.

Tiba ni kupunguza alama moja kwa kila hatua iliyo kati ya ubao wa sasa na ushindi. Ushindi ulio mbele kwa hatua 3 uwe 9,997, ulio mbele kwa hatua 9 uwe 9,991. Upande wa kushindwa ugeuze vivyo hivyo: kufungwa baada ya hatua 3 kuwe hasi 9,997, na baada ya hatua 9 hasi 9,991, ili programu inayoelekea kufungwa iuburute mchezo na kumpa mpinzani nafasi ya kukosea. Badiliko hili ni la mstari mmoja au miwili, na ukifanya hili tu utaona tofauti kubwa.

Kuna mtego mmoja ambao ulinigharimu jioni mbili. Ikiwa programu yako inahifadhi hali za ubao ilizokwisha kuzipima ili isizipime tena, usizihifadhi alama za ushindi jinsi zilivyo, kwa sababu zimehesabiwa kutoka mwanzo wa kuchungulia, ilhali hali ile ile inaweza kufikiwa kwa njia fupi au ndefu. Chukua hali iliyofikiwa baada ya hatua 4, ambayo ushindi wake uko hatua 3 zaidi mbele. Alama yake kutoka mwanzo ni 9,993. Ukiihifadhi hivyo, kisha ukaifikia hali hiyo tena baada ya hatua 2 tu, utasoma 9,993 wakati jibu sahihi ni 9,995. Unapohifadhi, ongeza idadi ya hatua ulizokwisha kupita, ili 9,993 iwe 9,997, maana yake ushindi uko hatua 3 kutoka hapa. Unaposoma, toa idadi ya hatua ulizopita safari hii. Kwa alama za kufungwa fanya kinyume. Alama za kawaida za kete usiziguse.

Pale ambapo mwisho hauonekani bado

Kupunguza alama kwa kila hatua kunasaidia pale tu programu inapouona ushindi. Programu inayochungulia hatua 8 na yenye kete nane dhidi ya sita haioni ushindi wowote. Inaona hali mia kadhaa ambazo zote zina uongozi wa alama 200, na katikati ya alama zilizo sawa haina sababu ya kwenda kokote. Lazima umpe mwenye kuongoza mteremko wa kufuata.

Mteremko wa kwanza ni kubadilishana kete. Wachezaji wa kijiweni huujua bila hesabu: aliyezidi kete mbili akiendelea kubadilishana kete moja kwa kete moja, ziada ile ile inazidi kuwa nzito kadiri ubao unavyopungua. Ili programu ilione hilo, chukua tofauti ya kete, izidishe kwa 200, igawe kwa jumla ya kete zilizopo ubaoni, kisha uongeze jibu kwenye tathmini. Kete nane kwa sita zinaleta nyongeza ya alama 28. Baada ya kubadilishana mbili kwa mbili, sita kwa nne zinaleta 40. Na tatu kwa moja zinaleta 100. Upande ulio nyuma, kwa hesabu hiyo hiyo, utaanza kukwepa kubadilishana, jambo ambalo pia ni sahihi.

Mteremko wa pili ni kumnyima mpinzani nafasi. Toa alama mbili kwa mwenye kuongoza kwa kila hatua salama aliyobaki nayo mpinzani. Namba hii iwe ndogo. Niliwahi kuiweka kumi, na programu ikawa inamzingira fundi kwa bidii huku ikimwachia kete za bure, kwa kuwa kuzingira kulikuwa kumeanza kulipa zaidi ya kula.

Katika sehemu hii usisahau kwamba kula ni lazima, na kwamba aliye nyuma anaishi kwa kanuni hiyo. Mchezaji mzoefu akiona amezidiwa hutupa kete moja ya chambo, ikaivuta kete yako kutoka mahali pake, kisha akala mbili au tatu kwa mkupuo. Programu inayokoma kuchungulia mara tu hesabu ya hatua inapotimia inaweza kusimama katikati ya mkasa huo, ikiwa imekwisha kula chambo na haijaona kinachofuata, ikajipongeza kwa uongozi mkubwa zaidi. Kwa hiyo weka sharti kwamba kuchungulia hakukomi mahali ambapo mwenye zamu ana kitu cha kula. Kuendelee hadi ubao utulie. Uongozi mwingi uliopotezwa na programu yangu ulipotea hapa.

Jedwali la tamati

Kubadilishana kuna mpaka wake, na katika drafti yenye kingi inayoruka mpaka huo ni mkali. Wachezaji wa drafti ya Kirusi, ambayo kingi yake pia hutembea umbali wowote, wanajua tangu zamani kwamba kingi tatu huishinda kingi moja ikiwa moja hiyo haijaushika mshazari mkuu, ule wa miraba minane unaotoka kona hadi kona. Ushindi huo wanauita pembetatu ya Petrov, na kanuni zao zinampa mwenye kingi tatu hatua zake 15 za kuukamilisha, la sivyo ni sare. Lakini kingi moja ikiushika mshazari mkuu, tatu haziwezi kuitoa, na mchezo ni sare. Basi programu iliyofundishwa kwamba kubadilishana ni kuzuri kila wakati itabadilishana kwa furaha hadi ifike tatu kwa moja, wakati moja ya mpinzani imekaa kwenye mshazari mkuu, na ushindi uliokuwepo dakika moja kabla utakuwa umekwisha. Ndilo lililonipata mbele ya abiria.

Njia safi ya kuliepuka ni kuzihesabu tamati zote kabla ya mchezo. Idadi si ya kutisha. Kingi mbili dhidi ya moja zinaweza kukaa kwenye miraba 32 kwa namna 14,880; ukizidisha kwa mbili, kwa sababu zamu inaweza kuwa ya upande wowote, unapata hali 29,760. Kingi tatu dhidi ya moja zina namna 143,840, yaani hali 287,680. Kila hali inahitaji baiti moja tu, kwa hiyo jedwali zima linaingia kwenye simu yoyote ya leo.

Hesabu yenyewe huenda kinyumenyume. Tengeneza kwanza jedwali la kingi moja dhidi ya moja, kisha la mbili kwa moja, kisha la tatu kwa moja, kwa kuwa kula hupeleka mchezo kutoka jedwali kubwa kwenda dogo. Katika kila jedwali, anza kwa kuziwekea alama hali zote ambazo mwenye zamu hana kete au hana pa kwenda: hizo amefungwa kwa hatua 0. Halafu pitia hali zilizobaki. Ikiwa mwenye zamu ana hatua hata moja inayompeleka mpinzani kwenye hali ya kufungwa, hali hiyo ni ya ushindi, na idadi ya hatua ni moja zaidi ya ile iliyo fupi kuliko zote. Ikiwa hatua zake zote zinampeleka mpinzani kwenye hali za ushindi, hali hiyo ni ya kufungwa, na idadi ni moja zaidi ya ile iliyo ndefu kuliko zote. Zipitie kwa mpangilio wa idadi, hatua 1 kwanza, kisha 2, kisha 3, na uendelee mpaka upite mara moja nzima bila kubadilisha kitu. Zitakazobaki bila alama ni sare.

Hifadhi idadi ya hatua pamoja na jina la mshindi. Ukihifadhi jina peke yake, programu itajua kwamba iko ndani ya ushindi lakini haitajua upande upi ndiko kutokea, na utakuwa umerudi palepale pa kutangatanga. Jambo lingine la kiutendaji: iagize programu iandike jedwali kwenye diski kila inapomaliza mpito mmoja. Kwa Python kazi hii si ya dakika mbili, na umeme ukikatika katikati ya usiku, kama ulivyokatika kwangu, hutapenda kuanza upya.

Jedwali likishakamilika, kuchungulia kwa kawaida kunaposhuka hadi hali iliyomo kwenye jedwali, programu isome jibu badala ya kukadiria. Hapo kubadilishana kunakoleta sare kutaonekana kuwa sare hatua nyingi kabla, na hakuna kanuni nyingine ya ziada unayohitaji kuhusu mshazari mkuu.

Kwa anayetaka kujua jambo hili limefikishwa wapi, timu ya Jonathan Schaeffer ya Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, iliyounda programu ya Chinook, ilihesabu tamati zote za drafti ya Kiingereza zenye kete 10 au pungufu, ambazo ni hali zipatazo trilioni 39, na mwaka 2007 ikatangaza kwamba pande zote mbili zikicheza bila kosa mchezo huo huishia sare. Kwenye awari, mchezo wa mashimo ulio ndugu wa mbali wa bao letu, John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walifanya hesabu kama hiyo mwaka 2002, wakapata jibu hilo hilo la sare.

Kwa kuwa nimelitaja bao, niongeze onyo kwa atakayetaka kuhamishia huko. Katika bao la Kiswahili kuna kete 64, na anayeongoza kwa kete anaweza kuwa anafungwa, kwa sababu mchezo huisha safu ya mbele ya mmoja inapokauka au anapokosa pa kucheza, hata kama safu yake ya nyuma imejaa. Othello, mchezo wa ubao wa kugeuza vipande vya mpinzani, ina ugonjwa wa aina hiyo hiyo: mwenye vipande vingi katikati ya mchezo mara nyingi ndiye aliye matatani. Katika michezo hiyo usianze na hesabu ya kete hata kidogo. Anza na uhuru wa kucheza.

Bei ya sare

Programu ikipewa 0 kwa sare, na uongozi wake ukionekana kuwa alama 30 tu, inaweza kuikimbilia sare mara inapohofia kupoteza alama 31. Kwa upande mwingine, isipojua kabisa kwamba hali iliyojirudia mara tatu ni sare, itarudia bila kujali. Kwa hiyo mambo mawili yanahitajika. Kwanza, andika kumbukumbu ya hali zote zilizopita katika mchezo huu, na wakati wa kuchungulia chukulia kujirudia kwa hali hata mara moja kuwa ni sare. Hiyo peke yake huizuia programu kurandaranda. Pili, ipe sare bei inayotegemea nani yuko mbele mwanzoni mwa kuchungulia: hasi 50 kwa programu ikiwa inaongoza, chanya 50 ikiwa iko nyuma. Watunzi wa programu za sataranji huiita namba ya aina hii dharau, maana ni kama programu inasema kwamba sare na huyu haitoshi.

Dharau ikizidi ni hatari kuliko kutokuwepo. Niliwahi kuiweka 300, na programu ikiwa na uongozi wa kete moja ilikataa sare ya wazi, ikatupa kete mbili ili mchezo uendelee, ikafungwa. Ulikuwa uamuzi sahihi kabisa kwa mujibu wa namba nilizoiwekea.

Programu zinazohesabu uwezekano wa kushinda

Kuna familia nyingine ya programu, ambazo hazihesabu kete bali hukadiria ni mara ngapi kati ya mia zingeshinda kutoka mahali zilipo. Njia hii ilishamiri katika Go baada ya Rémi Coulom kuitumia katika programu yake ya Crazy Stone mwaka 2006, na AlphaGo, programu ya kampuni ya DeepMind, ikaifikisha mbali zaidi. Watazamaji wa mechi za AlphaGo dhidi ya Lee Sedol, bingwa wa Korea Kusini, huko Seoul mwezi Machi 2016 walishangaa kuona programu ikiachia pointi pale ilipokuwa mbele, kama mchezaji aliyelegea. Haikuwa imelegea. Kwake ushindi wa nusu pointi na ushindi wa pointi ishirini ni kitu kimoja, kwa hiyo kati ya hatua inayoongeza pointi ikiwa na hatari ndogo na hatua inayopunguza pointi bila hatari, ilichagua ya pili. Huko Wuzhen, China, mwezi Mei 2017 ilimshinda bingwa Ke Jie katika mechi ya kwanza kwa nusu pointi, tofauti ndogo kuliko zote zinazowezekana chini ya kanuni zile, na wapo waliodhani kwamba pambano lilikuwa la karibu kwa sababu ya hesabu hiyo ya mwisho.

Mimi ninaona AlphaGo ilikuwa sahihi, kwa sharti moja: makadirio yake ya uwezekano yawe ya kweli. Yakikosea, uongozi uliopunguzwa kwa makusudi hauachi akiba ya kufidia kosa. Katika mechi ya nne ya Seoul, Lee Sedol aliweka jiwe lake la hatua ya 78 mahali ambapo programu haikupatarajia. Ikakosea kwenye ya 79, lakini ikaendelea kujiona iko mbele hadi karibu na hatua ya 87. Ilipogundua iko nyuma, ikaanza kucheza hatua zisizo na maana, kwa kuwa kila hatua ilikuwa na uwezekano mdogo unaolingana na mwingine. Mechi hiyo moja ndiyo pekee aliyoshinda binadamu kati ya tano.

Tatizo hilo lina pande mbili zinazofanana: uwezekano ukikaribia mia kwa mia au sifuri, hatua zote huonekana sawa. Petr Baudiš, mtunzi wa programu ya Go iitwayo Pachi, alieleza mwaka 2011 njia ya kubadilisha fidia ya pointi (anayopewa anayecheza wa pili) wakati mchezo unaendelea, ili programu inayoongoza sana ijione iko mbele kidogo tu na hivyo iendelee kutia bidii. KataGo, programu nyingine ya Go ya David Wu, iliyotoka mwaka 2019, huhesabu uwezekano wa kushinda pamoja na tofauti ya pointi inayotarajiwa, na tofauti hiyo ikipewa uzito mdogo tu.

Ukiandika drafti kwa njia hii ya uwezekano, tumia wazo hilo hilo lakini usiweke tofauti ya kete, maana kijiweni haina faida. Weka muda: ongeza kiasi kidogo kwa ushindi uliofika mapema. Tena usitegemee michezo inayochezwa ovyo hadi mwisho ili kukadiria tamati za kingi tupu, kwa kuwa kingi zinazotembea ovyo huzunguka muda mrefu bila kukutana na jibu. Hapo soma jedwali.

Upimaji

Usiipime programu kwa kucheza nayo wewe mwenyewe. Andaa hali hamsini ambazo upande mmoja unaongoza kwa kete moja au mbili, zichukue kutoka michezo halisi ya kijiweni ukiweza, kisha uiache programu icheze pande zote mbili katika kila moja. Andika idadi ya ushindi, sare na kufungwa kwa upande ulioongoza, pamoja na urefu wa kila mchezo. Badilisha namba moja, rudia zote hamsini, linganisha. Ukibadilisha namba mbili kwa pamoja hutajua ipi ilifanya kazi.

Pamoja na matokeo, soma mfululizo wa alama ambazo programu ilikuwa ikijipa. Alama isiyobadilika kwa hatua ishirini inaonyesha kwamba mteremko umekosekana mahali fulani. Alama inayoporomoka ghafla kutoka 200 hadi hasi 100 kwa kawaida ni chambo kilichokatwa katikati. Na alama ya 9,99-kitu inayobaki ile ile zamu hadi zamu badala ya kupanda, rudi kwenye sehemu ya kuhifadhi hali, utakuta umesahau kuongeza au kutoa.

Programu yangu sasa humaliza kingi tatu kwa moja kila jedwali linaposema inawezekana. Fundi alifungwa namna hiyo mara mbili jioni moja, na siku iliyofuata akabadilisha mchezo wake: akiona amezidiwa, anaanza kukimbilia mshazari mkuu angali na kete tano ubaoni, mbali kabisa na mahali ambapo jedwali langu la kete nne linafika. Kwa hilo nimeongeza alama 15 kwa mwenye kuongoza anapokuwa na kete yake mwenyewe kwenye mshazari huo kabla mpinzani hajapata kingi. Katika hali zangu hamsini, sare zimepungua kutoka kumi na nne hadi tisa, na ninaanza kuandaa jedwali la kete tano.